Mgeni Amepita Gulwe

Simu ikiita nyumbani kwetu na sauti ya upande wa pili ikasema "tumepita Gulwe," mke wangu haulizi anayekuja ni nani. Anauliza deki imepigwa saa ngapi. Tangu treni ya mwendokasi ianze kubeba abiria mpaka Dodoma katikati ya mwaka 2024, safari ya kutoka Dar es Salaam imekuwa ya chini ya saa nne. Mgeni ambaye zamani alitoa taarifa jana yake, akalala, akadamkia basi, siku hizi anapiga simu akiwa ameshakaa kwenye behewa. Kutoka kituo cha Gulwe mpaka hapa Dodoma, ukijumlisha na bajaji ya kumleta mtaani kwetu Nzuguni, unabaki na kama saa moja. Ndani ya saa hiyo mapazia yanakung'utwa, makochi yanabadilishwa vitambaa, watoto wanafukuzwa sebuleni, jaba linafunuliwa, na dada wa kazi anaanza kudeki kutoka dirishani akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, kama mtu anayefuta nyayo zake mwenyewe.

Mgeni anapobisha hodi anakuta nyumba inang'aa na wenyeji hoi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu mwenyeji ndiyo kwanza anashika kiuno.

Nimeifikiria sana hiyo saa moja. Watu wanapozungumzia usafi wa nyumba huzungumzia tabia: mama fulani msafi, mama fulani ovyo. Nimezaliwa mkoa huu, nikakulia humu, na sasa nimejenga humu, na kila mwaka unavyopita naamini zaidi kwamba sehemu kubwa ya usafi wa nyumba ya Dodoma huamuliwa kabla fagio halijanunuliwa. Huamuliwa siku fundi anapofuta jasho na kuuliza, "Mzee, tailizi unataka rangi gani?"

Nilijibu nyeupe.

Ramani ya nyumba niliipata kwa rafiki aliyejenga Dar es Salaam, upande wa Kigamboni. Nyumba nzuri, madirisha makubwa ya aluminiamu ya kusukuma, sebule inayotazama jua linapochomoza, baraza jembamba la kupitia tu. Kigamboni hewa ni ya bahari na mvua zinanyesha misimu miwili. Mimi nikaichukua kama ilivyo, nikaipandikiza Nzuguni.

Huku mvua ni msimu mmoja, kuanzia Desemba au mwishoni mwa Novemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida hatupati zaidi ya milimita 600 hivi. Baada ya hapo mbingu inafungwa. Ikifika Juni upepo unashika kazi, na kwa sehemu kubwa ya mwaka upepo wetu unatoka mashariki na kusini-mashariki, yaani kule kule nilikoielekeza sebule yangu ikasalimie jua. Madirisha ya kusukuma yana reli, na reli ni mfereji wa vumbi. Hata ukifunga, kati ya kioo na kioo panabaki upenyo ambao mbu hapiti lakini vumbi linapita bila nauli. Saa nne asubuhi ukipitisha kidole juu ya kabati la vyombo, unaweza kuandika jina lako. Saa nane mchana unaandika la mkeo.

Na vumbi lenyewe limeongezeka. Sina kipimo cha maabara, ila sababu inaonekana kwa macho. Sensa ya mwaka 2012 iliukuta mkoa wa Dodoma na watu 2,083,588. Ya mwaka 2022 ikaukuta na watu 3,085,625. Milioni moja zaidi ndani ya miaka kumi, na katikati ya hiyo miaka, tarehe 26 Aprili 2018, mji ukatangazwa kuwa jiji. Watu hao wanajenga. Kiwanja kabla hakijajengwa hufyekwa, na kikishafyekwa hukaa mwaka, miaka miwili, mitatu, mwenyewe akitafuta saruji. Mitaa ya Nzuguni, Ilazo, Iyumbu na Mkonze imejaa viwanja vya namna hiyo, na barabara za ndani nyingi bado ni udongo mtupu. Kwa hiyo yule jirani unayemsubiri ahamie, kabla hajaja yeye, kiwanja chake kimeshakutembelea sebuleni.

Sasa linganisha kalenda ya vumbi na kalenda ya wageni. Bunge la bajeti linaanza Aprili na kumalizika mwisho wa Juni. Kila mwenye shughuli na wizara anakumbuka ana ndugu Dodoma. Agosti ni Nanenane, na viwanja viko hapa hapa Nzuguni, kwa hiyo shemeji wa Singida na binamu wa Manyoni hawana sababu ya kulipia gesti. Kuelekea mwisho wa mwaka kuna mahafali ya vyuo, na mhitimu mmoja huja na baba, mama, shangazi wawili na mpiga picha. Masika, uwanja unapokuwa umetulia na majani yameota, ndugu wa vijijini wako shambani na hakuna anayekuja. Tunapokea wageni wengi wakati vumbi liko kileleni na maji yako mkiani.

Maji ndiyo kiini cha yote haya, na ndiyo yasiyotajwa kwenye mazungumzo ya usafi. Jiji limetegemea kwa miongo mingi visima vya Mzakwe, kule bonde la Makutupora. Mtaani kwetu bomba linatoka kwa zamu, mara mbili kwa wiki wiki ikiwa nzuri, na tenki letu ni la lita 2,000. Tuko saba. Siku moja nilikaa na daftari nikahesabu: wakati wa kiangazi deki ilikuwa ikipigwa asubuhi na jioni, kila mara ndoo mbili za lita 20, moja ya sabuni na moja ya kusuuza. Lita 80 kwa siku. Dumu nne za maji, kila siku ya Mungu, zinamwagwa sakafuni ili zikauke na vumbi lirudi. Wakati huo huo watoto walikuwa wanaambiwa waogee kopo sita.

Halafu maji yenyewe yana chumvi. Mgeni wa Dar anashangaa sabuni haitoi povu, anaongeza sabuni, anabaki na utando usiotoka. Birika likichemshwa miezi miwili linaota ukoko mweupe ndani kama ganda la yai. Unalitoa kwa ndimu au siki, ukitumia kisu unaliharibu birika. Vioo ukiviosha kwa maji hayo na kuviacha vikauke vyenyewe vinabaki na madoa, kwa hiyo vinafutwa kwa gazeti vikiwa bado na unyevu. Nilipoanza kujutia tailizi nyeupe, fundi alinishauri nibandue niweke nyeusi. Bahati nzuri jirani alikuwa ameshaweka nyeusi. Nilikwenda kuziona: kila deki ilikuwa imeacha ukungu wa chumvi, na mama wa nyumba, akidhani ni uchafu, alikuwa anadeki tena, na ukungu unaongezeka. Anapigana na maji kwa kutumia maji.

Nyumba nyingi za zamani mjini hapa, zile za watumishi wa serikali na za reli, zilikuwa na sakafu ya saruji iliyotiwa rangi nyekundu na kung'arishwa kwa nta. Nilipokuwa kijana niliiona sakafu hiyo kuwa ya kishamba. Leo naona waliozijenga walikuwa wametazama nje ya dirisha kabla ya kuchagua rangi.

Nirudi kwa wageni. Septemba iliyopita alikuja shangazi yangu kutoka Mvumi. Huyu hana simu ya kusema amepita wapi. Alikuja na basi dogo, akashuka njia panda, akatembea. Alipofika getini akatoa "Mbukwenyi!", salamu ya Kigogo, kwa sauti iliyozoea uwanja mpana, nami nikatoka mbio kumpokea kifurushi. Shikamoo shangazi, marahaba mwanangu, hamjambo humu, hatujambo. Mlangoni akasimama. Akaitazama sakafu. Akaitazama miguu yake, iliyokuwa imebeba vumbi la kutoka Mvumi hadi Nzuguni, visigino vimepasuka, vumbi limeingia kwenye mipasuko. Akavua katambuga zake akaziweka pembeni kwa unadhifu, zikiwa zimeungana, kisha akaingia kwa vidole, kama anayekanyaga mahali penye mtoto aliyelala.

Binti yetu wa kazi akatoka jikoni na dekio. Hakutumwa na mtu. Alikuwa anafanya alichofundishwa: alama ikionekana, futa. Akaanza kufuta nyuma ya shangazi, hatua kwa hatua, na shangazi akageuka akaona.

Hakusema neno baya. Alisema humu ndani kuna joto, akaomba kigoda, akaenda kukaa nje chini ya mwarobaini. Chai akanywea huko, ugali akala huko. Tulimbembeleza aingie, akasema atawachafulia watoto. Nilikaa naye mpaka jua linazama, na sebule yangu, iliyogharimu zaidi ya vyumba vyote, ilikuwa safi kabisa na haina mtu.

Hapo ndipo nilipoanza kuuliza maswali ambayo ningepaswa kuyauliza kabla ya msingi. Usafi ule ulikuwa wa nani? Mgeni wa Dar es Salaam anaukuta kama heshima. Viatu vyake havina hata punje, ametoka kwenye behewa lenye kiyoyozi. Shangazi aliukuta kama uzio. Sakafu moja, deki moja, ujumbe tofauti kabisa, na ujumbe wa pili ulikuwa unamwendea mtu ambaye baba yangu alimtegemea mwaka wa njaa.

Sitaki kuimba sifa za tembe. Kuna mtindo siku hizi, hasa kwa sisi tuliosomeshwa tukatoka, wa kuizungumzia nyumba ya Kigogo kana kwamba ilikuwa pepo. Nimelala kwenye tembe. Paa la udongo lilivuja masika, moshi ulitoa machozi, ng'ombe walilala uwanjani karibu na masikio yako, na kwenye nyufa za sakafu ya udongo waliishi papasi, aina ya kupe, ambao homa yao imewatesa watu wa Mvumi na vijiji vingine kwa vizazi. Operesheni ya mwaka 1971 ilipowahamishia Wagogo kwenye vijiji vya pamoja na nyumba bora zikahimizwa, mengi yalifanyika kwa nguvu isiyostahili, ila anayemlilia papasi simjui.

Kitu tulichokitupa pamoja na papasi ni mpangilio. Kwenye tembe mgeni alipokelewa nje. Asubuhi uwanja ulinyunyizwa maji kidogo kwa mkono, kata moja au mbili, vumbi likalala, ndipo ufagio wa njiti ukapita ukiacha mistari. Kigoda kilitolewa, kivuli kilikuwepo, maji ya kunywa yalikuja kwenye kibuyu. Ndani kulikuwa kwa wenyewe. Mgeni aliyetoka vumbini alikaa mahali ambapo vumbi halikuwa kosa. Sisi tumegeuza: mgeni anapelekwa moja kwa moja kwenye chumba kigumu kuliko vyote kukiweka safi, na nje, mahali rahisi, tumebakiza gari na mbwa.

Tena tumemvutia macho mgeni mahali ambapo hana shida napo. Mtu aliyesafiri saa nyingi haangalii gipsamu. Anatafuta choo. Nimekuwa mgeni kwenye nyumba za mitaa ya Area D na Kisasa zenye makochi ya ngozi, nikaelekezwa "nyooka, kulia, mlango wa mwisho," nikakuta taa imeungua, komeo halishiki, ndoo ni tupu na kopo halipo. Unatoka, unapitia jikoni kuomba maji, na sasa nyumba nzima inajua ulikokuwa unaenda. Sebule yote ile inafutika hapo hapo kichwani. Mwaka 1973, mwaka ule ule TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, kampeni ya Mtu ni Afya ilipita redioni ikihimiza watu kuchimba vyoo. Zaidi ya miaka arobaini baadaye serikali ikaja na nyingine, nayo ikaitwa Nyumba ni Choo. Wengi wetu mjini tulidhani inawahusu watu wa vijijini.

Kuna jambo lingine la mkoa huu ambalo nalikumbuka kila nikiona ndoo ya deki. Wilaya ya Kongwa ilijulikana kwa vikope, ugonjwa wa macho unaoenea pale nyuso za watoto zinapokosa kuoshwa. Watu wa afya waliokwenda kuhimiza kunawisha watoto walikutana na jibu la haki kabisa: maji yako mbali, hayatoshi. Ikabidi kwanza waonyeshe, kwa vitendo, kwamba kuosha uso kunataka maji kidogo sana kuliko kina mama walivyokadiria. Shida haikuwa umbali wa kisima peke yake. Ilikuwa pia nani anakaa mbele kwenye foleni ya ndoo. Nyumbani kwangu sakafu ilikuwa mbele na watoto wanafuata.

Nilipomweleza mke wangu haya yote, kwa ufasaha ule wa mwanamume aliyegundua jambo, alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Baba, nyumba ikionekana chafu, atasemwa nani?" Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Sijawahi kusikia mtu akitoka nyumbani kwa wenzake na kusema baba yule mchafu. Mimi nilichagua rangi ya sakafu siku moja. Yeye na binti wa kazi wanailipia kila siku. Kwa hiyo mwanamume anayeandika kuwashauri kina mama walegeze deki, nami nikiwemo, aanze kwa kushika dekio wiki moja ya Agosti. Nilishika. Siku ya tatu nilipendekeza tuzibe madirisha mawili ya mashariki.

Hatukuyaziba. Tulifanya mengine. Baraza tulilipanua mita mbili kwenda upande wa magharibi, ambako nyumba yenyewe inakinga upepo, tukajenga benchi la saruji lenye upana wa mtu kulala. Karibu na geti tukaweka bomba la chini na jiwe la kukanyagia, ili anayetaka anawe miguu, kwa hiari yake, bila kuambiwa. Kutoka getini mpaka barazani tukamwaga kokoto. Zulia la manyoya nililolinunua kwa fahari likauzwa; manyoya na vumbi la Dodoma ni ndoa isiyovunjika. Ndani tumeacha kufagia kwa fagio kavu, maana hilo linalihamisha vumbi kutoka sakafuni kwenda kwenye makochi. Tunapitisha tambara lenye unyevu, mara moja kwa siku, ndoo moja. Maji ya kusuuzia nguo yanakwenda chooni na yanayobaki yananyunyiziwa uwanja jioni. Choo cha wageni kina taa, komeo, ndoo yenye mfuniko, kopo, sabuni na ndala mbili kavu, na kabla ya mgeni kufika hicho ndicho kinachokaguliwa kwanza. Tailizi bado nyeupe. Kuzibandua ni fedha nyingi kuliko majuto yangu.

Mke wangu hajakubaliana na yote. Simu ya Gulwe ikija bado anabadilisha vitambaa vya makochi, na mimi nimejifunza kunyamaza.

Shangazi alirudi Aprili, wakati wa mavuno ya karanga, na safari hii alibeba mlenda mkavu na gunia dogo la karanga lenyewe. Alinawa miguu bombani akisifia jiwe, akakaa kwenye benchi, akanyoosha miguu. Nilimkaribisha ndani mara moja tu, kwa adabu, naye akakataa kwa adabu. Binti akamletea maji ya kunywa, wakaanza kuulizana habari za ukoo, wakagundua kuna mjomba wanayemfahamu wote wawili. Giza lilipoanza kuingia shangazi alichungulia sebuleni kupitia mlango uliokuwa wazi, akatazama kwa muda, kisha akaniuliza kama ile runinga inaweza kugeuzwa itazame nje, maana taarifa ya habari ilikuwa inakaribia.